Mzee ana uvimbe wa sentimita 2.4 kwenye figo: je, figo lote litolewe?

Barua

Shikamooni madaktari wa safu hii,

Mzee wangu ana miaka 67. Alipigwa altrasaundi kwa ajili ya maumivu ya nyongo. Vijiwe vilionekana, lakini wakaona pia kitu kwenye figo la kushoto. Hajawahi kukojoa damu, hajapungua uzito, haumwi ubavu wa kushoto. Tukafanya skani ya CT yenye dawa ya kontrasti, na ripoti inasema hivi: uvimbe usio wa majimaji, sentimita 2.4, ncha ya chini ya figo la kushoto, upande wa nyuma, zaidi ya nusu yake umetokeza nje ya figo, uko milimita 9 kutoka mfumo wa kukusanya mkojo. Kabla ya dawa ulisoma vizio 34 vya Hounsfield (namba za CT zinazoonyesha uzito wa kitu), baada ya dawa 81. Hakuna mafuta ndani yake. Mshipa wa figo na tezi za limfu ni salama, na figo la kulia halina kitu.

Ana kisukari na presha. Anameza metformini, amlodipini na aspirini ndogo kila siku. Kipimo cha uwezo wa figo, eGFR, ni 52.

Daktari wa kwanza anataka kutoa figo lote wiki ijayo "kabla haijasambaa". Wa pili amesema tusubiri, tupime kila baada ya miezi sita. Tulipotaja kuchomwa sindano ili kuchukua kinyama, shangazi alikataa katakata: saratani ikiguswa, anasema, inatawanyika. Baba mdogo naye anasema ni kifuko cha maji tu, watu wengi wanavyo. Mzee mwenyewe amenyamaza, anatutazama sisi. Tufuate lipi? Na sisi watoto tupimwe?

Binti yake mkubwa

Jibu

Marahaba, mwanetu. Mpe mzee pole, na umwambie jambo moja kabla ya mengine yote: hakuna linalomlazimu kupasuliwa wiki ijayo. Uvimbe wa figo usiozidi sentimita 4 hukua taratibu, kwa wastani milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na nafasi ya kusambaa ndani ya miaka michache ya mwanzo ya kufuatiliwa ni ndogo, kama asilimia 1 hadi 2. Wiki kadhaa za kupima vizuri na kupata maoni mengine hazimpunguzii mzee chochote. Figo likishatolewa, halirudi.

Tuanze na baba mdogo, maana hoja yake inapimika kwa namba mlizonazo. Kifuko cha maji cha kawaida husoma kati ya 0 na 20 hivi kwenye vizio vya Hounsfield, na dawa ya kontrasti haikibadilishi, kwa sababu ndani hakuna mishipa ya damu. Kifuko kilichovujia damu kinaweza kusoma 70 au zaidi hata kabla ya dawa, lakini nacho hubaki pale pale. Uvimbe wa mzee umepanda kutoka 34 hadi 81, yaani ongezeko la 47. Kizingiti kinachotumika ni hiki: chini ya 10 hakuna damu inayoingia, kati ya 10 na 20 haieleweki na hurudiwa kwa MRI, zaidi ya 20 ni tishu hai inayonyonya dawa. Kwa hiyo si kifuko. Baba mdogo yuko sahihi kwamba vifuko ni vingi mno kwa watu wa umri huo, ila hiki si kimojawapo.

Kutokuwa kifuko, hata hivyo, si sawa na kuwa saratani. Katika vivimbe vya ukubwa huu vinavyotolewa, takriban kimoja katika kila vitano hukutwa si saratani kikifika maabara. Mara nyingi ni onkositoma, au angiomayolipoma yenye mafuta kidogo kiasi kwamba CT haikuyaona. Ripoti yenu kusema "hakuna mafuta" inaondoa angiomayolipoma ya kawaida, ile inayosoma chini ya hasi 10, lakini haiondoi hiyo ndugu yake iliyokonda mafuta. Hata zile nne zilizobaki si za aina moja: nyingi ni za daraja la chini na hukua polepole, chache ni kali. Picha peke yake haitenganishi makundi haya kwa uhakika, hata ikisomwa na bingwa. Kwa hiyo anayekwambia kwa CT hii kwamba "ni saratani" anakisia, japo kisio lake lina uzito.

Kabla ya kwenda kwa daktari wa tatu, fanyeni haya. Chukueni picha zenyewe kwenye CD, si karatasi ya ripoti peke yake, kwa sababu daktari bingwa wa mfumo wa mkojo hupanga kazi yake kwa kutazama picha. Hakikisheni CD ina hatua ya kabla ya dawa na hatua ya sekunde 90 hadi 100 hivi baada ya dawa, wakati nyama yote ya figo imepata rangi sawasawa. Skani iliyopigwa mapema mno, sekunde 30 hivi, huweza kuficha uvimbe mdogo ulio ndani, na iliyokosa hatua ya kabla ya dawa haiwezi kutoa ile hesabu ya ongezeko. Yenu inazo namba zote mbili, ambalo ni jambo jema. Ripoti nyingi hazina.

Kisha rudieni kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, na eGFR. Kipimo kimoja cha 52, tena huenda kimechukuliwa mgonjwa akiwa ametapika au hajanywa maji kwa ajili ya maumivu ya nyongo, hakitoshi kusema figo limechoka. Linaitwa gonjwa sugu la figo likidumu hivyo kwa miezi 3 au zaidi. Ongezeni kipimo cha albumini, yaani protini, kwenye mkojo, kikilinganishwa na kreatinini ya mkojo huo huo. Kwa mwenye kisukari, hicho ndicho kinachosema figo litakwenda vipi miaka ijayo, na mara nyingi kinasahaulika. Picha kamili ya damu, kalsiamu, vipimo vya ini na eksirei ya kifua vinatosha kukamilisha. Skani ya mifupa au ya ubongo haihitajiki kwa mtu asiye na dalili huko. Skani ya PET ya kawaida, inayotumia sukari yenye mionzi, nayo haisaidii hapa, kwa sababu dawa yake hutoka kupitia mkojo na figo lote huwaka.

Sasa daktari wa kwanza. Tunasema bila kuzunguka: kutoa figo lote kwa uvimbe kama huu, kwa mgonjwa kama huyu, si chaguo la kwanza. Kuna kipimo cha ugumu wa upasuaji kiitwacho RENAL, kilichoanza kutumika mwaka 2009, kinachotoa alama 4 hadi 12. Uvimbe usiozidi sentimita 4 unapata alama 1. Uliotokeza nje nusu au zaidi, alama 1. Ulio umbali wa milimita 7 au zaidi kutoka mfumo wa kukusanya mkojo, alama 1. Wa mzee uko 9. Ulio wote kwenye ncha ya figo, nje ya mstari wa ncha, alama 1, na hapo mthibitishe kwenye picha. Jumla ni 4, kisha huongezwa herufi inayoonyesha uko mbele au nyuma. Hakuna uvimbe rahisi zaidi ya huo kwenye kipimo hicho. Ukiambiwa hauwezi kutolewa peke yake, swali la haki ni: hauwezekani, au hapa hakuna anayefanya? Jibu la pili si aibu, ila tiba yake ni rufaa.

Hesabu ya uwezo wa figo nayo iko wazi. Likitolewa figo moja zima, eGFR kwa kawaida hushuka kwa theluthi hivi, maana lililobaki huongeza kazi lakini halifidii yote. Kutoka 52 mzee anaweza kuangukia karibu na 35, akiwa na kisukari na presha vinavyoendelea kulitafuna lililobaki. Ikikatwa sehemu yenye uvimbe tu, hasara ya jumla mara nyingi huwa asilimia 10 hivi. Daktari wa kwanza anaweza kuwatajia jaribio la EORTC 30904, lililolinganisha kutoa figo lote na kukata sehemu tu kwa wagonjwa 541, ambalo kweli halikuonyesha kwamba waliobakiziwa figo waliishi muda mrefu zaidi. Akilitaja, ni haki yake. Lakini wagonjwa wale walikuwa na figo la pili zima, na hata hivyo waliobakiziwa sehemu walibaki na uwezo mzuri zaidi wa figo. Mzee anaanza na 52.

Shangazi naye anastahili jibu la heshima, kwa sababu hofu yake ilikuwa ya madaktari wenyewe kwa miaka mingi. Bayopsi ya figo, yaani kuchukua kinyama kwa sindano, siku hizi hufanywa hivi: sindano ya nje ya geji 17 (kipimo cha unene wa sindano) huingizwa kwa kuongozwa na CT au altrasaundi hadi ukingoni mwa uvimbe, kisha sindano ya ndani ya geji 18 hupita humo mara mbili au tatu na kutoa vipande vyembamba kama uzi. Sindano ya nje haitolewi na kuingizwa tena, hivyo seli hazikokotwi kupitia nyama ya mgongo kila mara. Kutawanyika kupitia njia ya sindano kumeripotiwa, ila ni nadra sana. Kinachotokea zaidi ni damu kuganda kidogo kando ya figo, ambayo hunyonywa yenyewe. Ndiyo maana aspirini hujadiliwa kabla, presha huhitaji kuwa imetulia siku hiyo, chembe sahani za kugandisha damu ziwe zaidi ya 50,000 kwa mikrolita, na INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, isizidi 1.5. Msimkatishe mzee aspirini wenyewe nyumbani. Kama aliandikiwa kwa sababu ya moyo, daktari wa moyo aulizwe. Baada ya sindano hulazwa kitandani saa kadhaa, akipimwa mapigo na presha. Mkojo wa rangi ya waridi siku ya kwanza si wa kutisha. Mabonge ya damu, kizunguzungu, au maumivu ya ubavu yanayozidi kila saa yanamrudisha hospitali usiku huo huo.

Je, mzee anaihitaji? Kanuni yetu ni moja: bayopsi ifanywe pale jibu lake litakapobadilisha uamuzi. Kijana mwenye afya ambaye angekatwa sehemu ya figo kwa vyovyote vile, anaweza kuiruka. Anayepanga kuufuatilia uvimbe hata ukiwa saratani, naye anaweza kuiruka. Mzee yuko katikati: ana uwezo pungufu wa figo, familia imegawanyika, na upasuaji unajadiliwa. Kwake tungeifanya. Majibu yakisoma saratani, yaaminini. Ni mara chache mno kukosea upande huo. Yakisoma "sampuli haitoshi" au "tishu ya kawaida ya figo", msishangilie: sindano imepita kando, na hutokea kwa mgonjwa mmoja kati ya kumi hivi. Hurudiwa. Jibu linalohitaji tahadhari zaidi ni "onkositoma", kwa kuwa aina moja ya saratani ya upole, kromofobu, hufanana nayo sana kwenye kipande kidogo. Mwenye jibu hilo huendelea kupigwa picha, ila bila haraka ya kisu.

Daktari wa pili hajakosea. Kufuatilia kwa karibu ni tiba inayokubalika, hasa kwa uvimbe wa chini ya sentimita 3 kwa mtu mwenye magonjwa mengine. Linaloharibika ni utekelezaji. "Kila baada ya miezi sita" bila tarehe na bila mpango hugeuka miaka miwili ya kusahau. Picha ya kwanza iwe miezi 3 hadi 6 tangu hii, ili kuonyesha kasi. Kisha kila miezi 6 kwa miaka miwili, na ikitulia, mara moja kwa mwaka, pamoja na eksirei ya kifua. Mtumie aina ile ile ya kipimo. Altrasaundi inaweza kubeba sehemu ya safari hii, mradi nayo ifanywe mwanzoni ili kuwe na cha kulinganisha, maana sentimita 2.4 za CT zikilinganishwa na 2.7 za altrasaundi hazisemi chochote.

Kwenye kila kipimo, mtaalamu wa radiolojia aombwe kulinganisha na picha ya kwanza kabisa, si ya mwisho tu. Watu wawili wakipima uvimbe ule ule hutofautiana kwa milimita 2 au 3, kwa hiyo ukuaji wa kweli wa milimita 2 kila mara unaweza kuandikwa "hakuna mabadiliko" mara nne mfululizo, na hakuna anayegundua kwamba tangu mwanzo umeongezeka milimita 8. Kosa hili ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa.

Mkubaliane na daktari mapema, kwa maandishi, ni nini kitasitisha kungoja: ukuaji wa zaidi ya milimita 5 kwa mwaka, kuvuka sentimita 3 au 4 kadiri mlivyopatana, kingo kuanza kupenya ndani ya figo, dalili mpya, au mzee kuchoka kuishi nao. La mwisho ni sababu halali kama zile nyingine. Na mjue pia kwamba kukua hakuthibitishi saratani, onkositoma nayo hukua. Kutokukua hakuthibitishi usalama.

Kati ya kungoja na kukata kuna njia ambayo hakuna aliyewatajia: kuunguza au kugandisha uvimbe kwa sindano kupitia ngozi. Inafaa zaidi kwa uvimbe usiozidi sentimita 3, uliotokeza nje, wa upande wa nyuma, usiokaribia utumbo wala mrija wa mkojo unaoshuka kutoka figo hadi kibofu. Someni tena ripoti ya mzee. Kwa ncha ya chini, mtaalamu ahakikishe mrija wa mkojo uko mbali, maana ukiungua hubana baadaye. Bayopsi hufanywa kabla, au papo hapo kabla ya kuunguza. Bila hivyo hakuna atakayejua kilichounguzwa kilikuwa nini, wala afuatiliwe vipi. Mapungufu yake ni kwamba uvimbe hubaki au hurudi pale pale mara nyingi kidogo kuliko baada ya kukatwa, ingawa kazi inaweza kurudiwa. Skani yenye dawa hufanywa ndani ya miezi 3 hadi 6. Sehemu inayonyonya dawa ndiyo iliyosalia.

Mkichagua kukatwa sehemu ya figo, ulizeni mpasuaji hufanya ngapi kwa mwaka, na kwa kawaida hubana mshipa wa figo dakika ngapi. Chini ya dakika 25 ndilo lengo linalotajwa sana. Kwa uvimbe wa alama 4 wapo wanaokata bila kubana kabisa. Msibabaishwe na tundu dogo. Kukata sehemu tu kwa njia ya wazi ni bora kuliko kutoa figo zima kwa kamera. Ukingo mwembamba wa nyama salama, hata milimita chache, unatosha. Baada ya hapo, matatizo mawili yanafaa kujulikana kwa majina yake. Mkojo unaovuja hujaza bomba la kutolea maji, na hutambulika kwa kupima kreatinini ya maji hayo: ikizidi ya damu kwa mbali, ni mkojo, na mara nyingi hufunga wenyewe au kwa kuwekewa mpira wa ndani. La pili hutokea mgonjwa akiwa ameshakwenda nyumbani, wiki ya kwanza hadi ya tatu: mshipa uliojeruhiwa hufanya kifuko cha damu, kisha siku moja mkojo unatoka mwekundu kabisa. Hapo ni hospitali moja kwa moja. Mshipa huzibwa kwa mrija unaopitishwa kwenye ateri, na figo hubaki.

Kuhusu metformini, iwapo eGFR ni 30 au zaidi na hakuna hitilafu ya ghafla ya figo, kontrasti haidai kuisimamisha. Chini ya 30 husimamishwa saa 48 na figo hupimwa kabla ya kuirejesha. Kinachomdhuru mzee zaidi ya kontrasti ni diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya nyongo. Atumie parasetamoli hadi nyongo ishughulikiwe. Dawa za mitishamba "za kusafisha figo" zikae mbali: baadhi ya mimea, hasa ya jenasi ya Aristolochia, huharibu figo na husababisha saratani ya njia ya mkojo. Kama anavuta sigara, aache sasa.

Ninyi watoto: mzee mwenye uvimbe mmoja, upande mmoja, akiwa na miaka 67, bila ndugu mwingine mwenye saratani ya figo, halazimishi watoto kupimwa. Ingekuwa tofauti kama angeugua akiwa na miaka 46 au chini, au vivimbe vingekuwa vingi au pande zote mbili. Hapo huangaliwa magonjwa ya kurithi kama von Hippel-Lindau, ambalo vivimbe vyake husubiriwa hadi sentimita 3, na lile la layomayoma (vivimbe kama fibroidi) na saratani ya figo, ambalo halisubiriwi hata uvimbe ukiwa mdogo. Waulizeni shangazi na baba mdogo kama kuna yeyote wa ukoo aliyetolewa figo, aliyekuwa na uvimbe wa ubongo au wa jicho, au mwanamke aliyetolewa kizazi mapema kwa sababu ya fibroidi. Wao ndio watakaojua.

Mpangilio wetu, kwa mlichotuandikia: ahirisheni upasuaji wa wiki ijayo, rudieni damu na mkojo, pelekeni CD kwa mpasuaji anayekata sehemu ya figo mara kwa mara na kwa mtaalamu wa kuunguza kwa sindano, kisha bayopsi. Jibu likiwa la saratani, chaguo ni kukata sehemu au kuunguza. Likiwa la daraja la chini, au mzee akisema hataki kisu, kufuatilia kwa tarehe zilizoandikwa. Kama eGFR ikirudiwa itakuwa chini ya 45, au mkojo ukiwa na protini, daktari bingwa wa figo aingie kabla ya lolote.

Na siku ya kwenda, mzee akae kiti cha karibu na daktari, naye ndiye aulizwe kwanza.